Mishale ya Nongwa Mia Nne na Kumi na Minane

Mimi kazi yangu ni kupanga viti. Nasema mapema ili msomaji ajue kwamba habari hii sikusimuliwa na mtu. Niliibeba kwa mikono yangu, viti vinne kulia na vinne kushoto, na kiuno changu ni shahidi.

Ukumbi wetu una feni kumi na mbili, na saba kati yake huzunguka. Una jukwaa lenye zulia lililoungua pembeni, na nyuma ya jukwaa kuna chumba kidogo anamokaa mwanamke tunayemwita Mama Mishale. Ni mfupi, mchapakazi, ana miwani inayomshuka puani kila akicheka, na akiwa kazini hacheki ovyo. Humo chumbani ndimo inamoamuliwa nani akae na nani. Kumbi nyingine hujivunia taa na mapazia. Sisi tunajivunia kwamba tangu Mama Mishale aajiriwe, mwaka wa tisa huu, hakuna meza iliyopinduliwa wala mgeni aliyemwagiwa soda kwa makusudi.

Siri yake ni hifadhidata. Usifikirie ile ya safu na mistari kama daftari la mahudhurio. Yake ni ya viduara na mishale. Kila mgeni aliyewahi kukanyaga ukumbi wetu ana kiduara chake kwenye kompyuta, na ndani ya kiduara yameandikwa mambo yake: namba ya simu, sikio lipi halisikii, asikae karibu na spika, apewe chakula mapema la sivyo ataanza kuimba. Kati ya viduara ndipo inapopita mishale. Wa kijani ni wa undugu, wa buluu ni wa ujirani, mwekundu ni wa nongwa. Mshale mwekundu hutoka kwa aliyenuna kwenda kwa aliyenuniwa. Kama wote wawili wamenuna, mishale ni miwili, mmoja kwenda na mmoja kurudi. Na kila mshale una tarehe yake na sababu yake. Nimeshawahi kusoma: "Alisema mtoto wangu ana kichwa kikubwa." "Aliazima sufuria akarudisha bila mfuniko." "Hakuniamkia, na aliniona."

Watu si mawe, kila wiki wanagombana na kupatana, kwa hiyo kazi ya Mama Mishale haiishi. Aliyehama anabadilishiwa anwani ndani ya kiduara. Aliyeoa anachorewa mishale kumi mipya ya kijani na, kwa bahati mbaya, mitatu myekundu. Lakini ana sheria moja aliyoibandika ukutani kwa gundi: mshale wa nongwa hauingii mpaka mwenye nongwa atamke mwenyewe. Kwenye fomu ya wageni lipo swali la nne, "Je, kuna mtu usiyependa kukaa naye karibu? Kwa nini?" Usipojaza, huna nongwa. Umbea wa watu haupokelewi. Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea umbea mtamu sana, akaniuliza kama viti vyangu vimekwisha.

Basi. Wiki mbili kabla ya mambo haya, alikuja mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, na mwaliko mkononi. Alikuwa anaolewa Jumamosi, hapo hapo kwetu.

"Mama mdogo," alisema, "mimi zawadi sitaki. Nataka ukae meza ya mbele, ubavuni pa mama."

Mama Mishale akarekebisha miwani yake ambayo haikuwa imeshuka. "Mwanangu, ningependa. Mfumo haukubali."

"Mfumo gani tena?"

"Mfumo. Nimekuweka meza ya kumi na tisa, kule karibu na mlango wa jikoni. Yaani nimejiweka. Panapita hewa nzuri."

Binti aliondoka machozi yakimlengalenga. Mimi nilikuwa nafuta viti hapo nje, nikatamani kumwambia kwamba mfumo ndio huyu huyu mama yake mdogo, lakini mpanga viti akizungumza sana huambiwa ana muda, akapewa na meza za kupanga.

Chanzo nakijua, nilikuwepo. Miaka minane iliyopita Mama Mishale alifunga ndoa katika ukumbi huu. Gauni alishonewa na dada yake, ambaye ni fundi cherehani wa kuaminika. Sasa bibi harusi akainama kukata keki, na mshono wa nyuma ukaachia kutoka kiunoni mpaka pasipotajwa. Watu wakanyamaza kimya. Na katika kimya kile dada mtu, aliyesimama nyuma yake kabisa, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajishika kwenye nguzo. Aliyeleta cha kumsitiri ni mimi, kitambaa cha meza ya tatu, kikiwa na mchuzi wake. Tangu siku ile Mama Mishale hakumsemesha dada yake hata neno moja. Kwenye hifadhidata iko mishale miwili, mmoja kwenda na mmoja kurudi, sababu "Kicheko", na kwa ajili ya mishale hiyo kila sherehe dada anaketi mashariki na mdogo wake magharibi. Nimewahi kuwapanga mwenyewe, najua idadi ya hatua.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ilikuwa siku ya kusawazisha mishale. Mjomba wa bwana harusi, yule anayeitwa Baragumu kwa sauti yake, alikuwa amepatana na kinyozi wake baada ya miaka mitatu ya kunyolewa mtaa wa pili. Kazi ilikuwa kufuta mshale mmoja tu. Amri yenyewe ina sehemu tatu: mtafute huyu, mtafute yule, futa mshale mwekundu kati yao. Lakini Mama Mishale ana mazoea yake. Yeye huanza kuandika ile ya kufuta, halafu ndipo anarudi juu kuweka majina, kama mtu anayevaa viatu kisha akakumbuka soksi. Miaka tisa amefanya hivyo na hajawahi kupata ajali.

Ameandika "futa mishale myekundu", majina bado, mara mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Akaingia dada yake na futi ya kupimia shingoni. Alikuja kupima meza ya mbele ili ashone kitambaa chake.

"Hodi humu!" aliita yule dada. Sauti ya kawaida tu.

Mama Mishale alishtuka ungedhani ameona nyoka. Akataka kufunga dirisha la chumba, akataka kuinama chini ya meza, akayataka yote mawili kwa pamoja, na kiwiko chake kikaangukia kitufe kikubwa cha kutuma amri. Mashine yetu ni tiifu, haiulizi mara mbili. Ikaandika: "Mishale 418 imefutwa."

Niliingia nikamkuta chini ya meza, ameshika tama.

"Mzee Viti," alininong'oneza, "nimewapatanisha wote."

"Wote nani?"

"Wote. Mji mzima."

Nikatazama kwenye skrini. Ilikuwa imetulia kwa namna ya kutisha, kijani na buluu tupu. Mwanamke wa sufuria na mwanamke wa mfuniko, meza moja. Mababu wawili waliorushiana viatu kwenye mkutano, bega kwa bega. Wageni mia mbili na sitini, wanakuja keshokutwa, na hakuna aliyemnunia mwenzake. Viti vyetu ni vya chuma, na vinarushika.

Tukamkimbilia meneja. Yeye ndiye hutunza nakala ya akiba kwenye flashi, kila Jumatatu. Meneja aliangalia dari, akasema flashi ipo, ila wiki iliyopita aliifuta kidogo ili apate nafasi ya muziki wake wa mazoezi ya tumbo.

"Uliifuta kidogo kiasi gani?" aliuliza Mama Mishale.

"Yote," alisema meneja. Tumbo lenyewe halikuwa na dalili yoyote ya mazoezi.

Ikabaki njia moja, na kwa sheria yake ile ilikuwa ndiyo njia pekee: kumpigia kila mgeni wa Jumamosi na kumsikia kwa mdomo wake. Ijumaa nzima tulikaa kwenye kile chumba, yeye na simu yake, mimi na simu ya ofisi, tukiulizia nongwa za watu kwa adabu.

Jamani, msidhani ni kazi nyepesi. Mtu wa kwanza aliniambia, "Ngoja, nilimnunia nani vile?" akamwita mkewe, mkewe akamkumbusha, akawaka upya kana kwamba ni jana. Mwingine alisema hana nongwa na mtu, lakini kwa kuwa nimempigia, basi niandike jirani yake wa juu anayeburuta kabati. Mama mmoja alinitajia watu tisa bila kupumua, wa tisa akiwa mimi. Bibi na babu mmoja walinuniana wao kwa wao, ndani ya nyumba moja, kwa sababu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe.

"Andika, mwanangu, ameniudhi sana," alisema bibi. "Lakini utuweke meza moja. Miwani tunayo moja."

Mama Mishale akachora mishale miwili myekundu, na katikati yake akaongeza mmoja wa aina ambayo hakuwahi kuwa nayo, akauita "miwani". Yule wa sufuria alipoulizwa alisema nongwa yake iko pale pale mpaka mfuniko urudi. Yule wa mfuniko hakupokea simu.

Saa tisa alasiri tulikuwa tumebakiwa na jina moja kwenye orodha. Mama Mishale alilitazama, akaanza kupanga kalamu.

"Huyu mpigie wewe."

"Ni dada yako."

"Mpigie kikazi."

Nikampigia. Nikajitambulisha, nikamuuliza swali la nne kama lilivyo. Cherehani ilisikika nyuma yake kisha ikanyamaza.

"Mzee Viti, swali hili si nimeshalijibu kila mwaka? Sina mtu. Sijawahi kuwa na mtu. Nyinyi ndio mnaoniweka kule upande wa feni mbovu, nami sijui nimewakosea nini."

Nilikata simu nikamwambia Mama Mishale alichosema, neno kwa neno, pamoja na feni. Alinuna papo hapo.

"Anatia chumvi. Mshale wake ulikuwepo. Umeuona mwenyewe, mmoja kwenda, mmoja kurudi."

"Nimeuona. Tuangalie fomu."

Fomu za karatasi tunazo zote, kwenye maboksi ya sabuni juu ya kabati. Nikapanda kwenye kiti, kiti changu mwenyewe, nikateremsha maboksi ya miaka minane. Tulikaa sakafuni tukapekua. Tukapata fomu kumi na moja za yule dada, mwandiko wake wa kifundi ulionyooka. Swali la kwanza, amejibu. La pili, amejibu. La tatu, amejibu. La nne, patupu. Fomu kumi na moja, patupu kumi na moja. Kwenye ile ya zamani kabisa, ya mwezi mmoja tu baada ya ile keki, alikuwa ameandika kitu kwa penseli halafu akakifuta, lakini mikono ya mafundi hukandamiza. Niliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha nikasoma: "Naomba nikae karibu na mdogo wangu."

Nikampa. Akasoma. Miwani ikamshuka puani na safari hii hakuwa anacheka.

"Basi ule mshale wa kurudi aliuingiza nani?" niliuliza, ingawa chumba kile kina ufunguo mmoja tu.

Aliikunja ile fomu polepole. Kisha akasema, "Nilijua tu kwamba naye amenuna. Angeachaje kununa, na mimi nimenuna?" Akapangusa pua. "Unajua, mwaka ule nilitaka hata kukifuta kiduara chake. Nikaandika amri. Mashine ikanikatalia. Ikasema mtu huyu bado ana mishale, siwezi kumwondoa. Nikaitukana."

Nikajikaza. Sisi wapanga viti si watu wa kubembeleza, lakini iliniuma. "Na kile kicheko?"

"Dada yangu akiogopa anacheka," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu utotoni. Jiko letu liliposhika moto alicheka. Kwa daktari wa meno alicheka mpaka daktari akatoka nje. Nilijua. Siku ile nilijua, nikaona bora nisijue."

Orodha ilikuwa mapajani mwangu na kalamu iko mkononi. Nikamuuliza kikazi, kwa sauti ile ile niliyowauliza wengine tangu asubuhi. "Je, mgeni, kuna mtu usiyependa kukaa naye karibu? Kwa nini?"

Alinitazama kwa hasira, baadaye bila hasira.

"Patupu," alisema. "Andika meza ya mbele. Kama hapana hewa, hapana."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Baragumu na kinyozi walikaa pamoja na kupiga kelele moja. Bibi na babu walipokezana miwani. Yule mama wa mfuniko, ambaye hatukumpata kwenye simu, aliiacha meza yake akaenda kuketi karibu na mama wa sufuria. Nilishika kiti kabisa tayari kuzuia, kumbe akafungua mkoba na kutoa mfuniko uliofungwa kwa gazeti. Watu wa meza ile wakapiga makofi. Kisha ikaonekana kwamba si wenyewe, ni mdogo, wa sufuria nyingine. Ikawa patashika, tukawahamisha.

Mimi lakini jicho langu lilikuwa meza ya mbele. Walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu, dada na mdogo wake, wima kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Hakuna aliyesema kitu. Chakula kikaja, hawakusema kitu. Bibi harusi aliwatupia macho kila dakika mpaka nikaogopa atapofuka. Dada akakunja pembe ya kitambaa cha meza, akaikunjua. Mama Mishale akasoma maandishi ya chupa ya maji, mbele na nyuma. Nikaona bibi harusi anaanza kulengwalengwa na machozi yale ya siku ile ya mwaliko, na keki bado haijakatwa.

Hapo meneja akaniashiria nisogeze kiti kilichozuia njia ya keki. Kiti kilikuwa mbele ya meza ile. Suruali za kazi za ukumbi wetu meneja alizinunua akikadiria kwa macho, nami nimemlalamikia tangu mwaka juzi, hasikii. Nikainama. Nikasikia sauti, nadhani ukumbi mzima uliisikia, na mara upepo wa zile feni saba ukanifikia mahali ambapo haujawahi kunifikia.

Watu wakanyamaza kimya. Na katika kimya kile kikatoka kicheko, nyuma yangu kabisa. Nilikitambua, ni kile kile cha miaka minane. Halafu kikatoka cha pili, kidogo, cha mtu aliyekuwa akijizuia na kushindwa, na miwani ikaanguka kwenye sahani. Walicheka wamekumbatiana, wale wanawake, wakicheka na kulia, mmoja akisema "Dada, dada, kitambaa!" na mwingine, huku akicheka bado, ameshachomoa kitambaa cha meza alichokishona kwa siku mbili, akanifunga nacho kiunoni kwa pini zake mwenyewe. Bibi harusi alisimama akapiga kigelegele, nadhani ndicho kigelegele pekee kilichowahi kupigwa kwa ajili ya suruali. Ningependa kusema nilifanya makusudi. Sikufanya, na niliona haya wiki nzima.

Jumatatu nilipita chumbani kwake na viti vyangu. Alikuwa anasawazisha. Safari hii aliandika majina kwanza, ndipo akaandika amri. Mshale wa mfuniko ukabadilishiwa sababu. Kiduara changu kikaongezewa kipimo cha kiuno. Mwisho akachora mshale mpya, kutoka kwake kwenda kwa dada yake, wa kijani, na kwenye sababu akaandika "Akae ubavuni." Mshale wa kurudi hakuuchora, mpaka mwenyewe atamke. Akachukua simu.

"Dada," alisema, "nakuuliza kikazi. Kuna mtu ungependa kukaa naye karibu?"

Kicheko kilichotoka kwenye ile simu nilikisikia mpaka kule jukwaani. Mama Mishale hakukata. Alisubiri dada yake amalize kucheka, kisha akaandika.